MTOTO WA MWENZIO MIKONONI MWAKO: AMANA ISIYOWEZA KUSEMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ammaa baad.



Leo tunapenda kuzungumza juu ya kazi inayofanyika kila siku katika parsele zetu hapa Kindu. Kazi hii haina ubao mlangoni wala haina patente. Ni kazi ya mama anayebaki nyumbani kwake na watoto wadogo wa wenzake, tangu baada ya Alfajiri mpaka baada ya Alasiri, halafu anapewa falanga kidogo. Wengine wanaiita garderi, wengine wanasema tu: «Nimemwacha mtoto kwa mama fulani.» Tutamwita mama mlezi.

Swali letu ni hili: mama huyu anauza nini? Kama anauza huruma, je, huruma inauzwa? Na kama huruma haiuzwi, mzazi analipa nini, na mtoto anastahili nini? Swali linaonekana dogo, lakini katika jibu lake kuna haki ambazo tutaulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

1. KAZI HII IMETOKA WAPI

Zamani mama akienda shambani alimfunga mtoto mgongoni, au alimwacha kwa bibi yake, au kwa dada yake wa miaka minane au tisa. Hakuna aliyelipwa. Lakini vita vya 1996 mpaka 1997, na vile vya 1998 mpaka 2003, vilitawanya jamaa nyingi. Bibi amebaki kijijini, binti yuko mjini, mume amefuata kazi machimboni au hayupo tena duniani. Kisha mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Hiyo ni neema, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila binti aliyeingia darasani. Lakini yule dada wa miaka minane aliyekuwa akimlinda mdogo wake sasa yuko shuleni asubuhi, na mahali pake ni pale. Elimu ile ya bure inaanza kwenye shule ya msingi, shule ya matenele haimo. Basi mtoto wa miaka miwili abaki na nani?

Mama muuza mchele au sombe hawezi kumweka mtoto chini ya meza ya soko mchana kutwa, kwenye jua na matope, katikati ya mikokoteni na pikipiki. Anayetoka Alunguli lazima kwanza avuke mto. Na mto wetu tunaujua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2014 ripoti juu ya watu wanaokufa maji, nayo ilionyesha kwamba watoto wa mwaka mmoja mpaka minne ni katika wanaopatwa zaidi. Moja ya mashauri yake ilikuwa jambo rahisi: watoto wasiofika umri wa shule wapate mahali pa salama mbali na maji, wakiwa na mtu mzima anayewaangalia. Mahali hapo kwetu, mara nyingi, ni parsele ya mama mlezi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mama huyu «anakaa tu nyumbani». Anasimama kati ya mtoto na mto, kati ya mtoto na moto.

2. UJIRA WAKE NI HALALI

Wako wanaosema kwamba malezi ni kazi ya Mungu, hivyo kulipisha ni aibu. Wengine wanamlaumu mama aliyemwacha mtoto akaenda kutafuta. Hawa wote tunawarudisha kwenye Kitabu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, akamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi, akakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Kisha katika aya hiyo hiyo ameruhusu wazazi kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine, kwa sharti wamlipe kinachostahili kwa wema. Na katika Surat at-Talaq, aya ya 6, ameamuru hata mama aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto, apewe ujira wake, na wazazi washauriane kwa wema.

Tazameni pia mfano wa Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Halima wa kabila la Banu Saad alikuja Makka na wenzake kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa ujira. Wanawake wale walimpita mtoto Muhammad kwa sababu alikuwa yatima, na zawadi ilitarajiwa kutoka kwa baba. Halima alimchukua kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu. Alikuwa mwanamke maskini katika mwaka wa ukame, aliyetoka kutafuta riziki. Je, kutafuta riziki kuliondoa huruma yake? La. Alimlea malezi ambayo Mtume (S.A.W.) hakuyasahau maisha yake yote.

Na mama yake Nabii Musa (A.S.), kama tunavyosoma katika Surat al-Qasas, alirudishiwa mwanawe kutoka nyumba ya Firauni ili amnyonyeshe. Wafasiri wanasema alilipwa kwa kazi hiyo. Analipwa kwa kumnyonyesha mtoto wa tumbo lake mwenyewe! Hivyo malipo na mapenzi yanaweza kukaa katika nyumba moja. Kosa liko mahali pengine.

3. FEDHA INANUNUA NINI, NA HAINUNUI NINI

Tuchukue mfano. Mtu akikuachia baiskeli yake uilinde, hapo kuna watu wawili tu: mwenye mali na mwenye kulinda. Ukiikwaruza, mwenyewe anaweza kusema, «Nimekusamehe», na habari imekwisha. Akitaka uilaze nje kwenye mvua, ni shauri lake. Mkikubaliana bei ndogo kwa ulinzi mdogo, hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini mtoto si baiskeli, na mama yake si mwenye kummiliki. Mama mwenyewe amepewa amana na Mwenyezi Mungu, naye amekukabidhi amana hiyo kwa masaa fulani. Kwa hiyo katika mapatano yenu kuna mtu wa tatu, naye ni mtoto mwenyewe. Hakuulizwa bei. Hakuweka mkono. Hajui hata siku ya kulipwa. Lakini ana haki zake, na haki hizo hazikutoka mfukoni mwa mama yake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakubaliana na jambo hili, kwani inamtambua mtoto kuwa mwenye haki yeye mwenyewe.

Kutoka hapo tunapata mambo mawili makubwa.

La kwanza: mzazi hawezi kutoa ruhusa asiyokuwa nayo. Wako wamama wanaomwambia mlezi, «Huyu mkaidi, mpige tu, nimekuruhusu.» Ruhusa hiyo haimlindi mlezi mbele ya Mungu. Kumkanya mtoto kwa wema ni malezi, lakini kumtesa, kumfungia gizani, kumnyima maji kwa sababu amejikojolea, ni dhulma hata kama wazazi kumi wameruhusu.

La pili: deni la mzazi halilipwi na mtoto. Hapa ndipo wengi wanapotumbukia. Mama fulani hajalipa wiki mbili. Mlezi ana uchungu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini wakati wa uji, kikombe cha mtoto yule kinajazwa nusu. Akilia, anaachwa alie kidogo zaidi ya wengine. Akichafuka, anabadilishwa wa mwisho. Mlezi hasemi neno, lakini mkono wake unadai. Ndugu zangu, mtoto huyu hadaiwi chochote. Fedha inanunua muda wako, mahali pako, kuni na makala yako, uji na sabuni. Huruma haimo katika hesabu hiyo, maana huruma umeamriwa na Mola wako juu ya kila mtoto aliye mbele yako, aliyelipiwa na asiyelipiwa. Mama asiyelipa unaweza kumwambia leo jioni kwamba kesho hutampokea mtoto wake. Hiyo ni haki yako, na hakuna lawama. Lakini masaa ambayo mtoto yumo mikononi mwako, huna ruhusa ya kumpunguzia hata kijiko. Unaweza kumkataa kesho, huwezi kumpunguzia leo.

4. AMANA ISIYOSEMA

Amana nyingine zina shahidi. Fedha inahesabiwa, mchele unapimwa kwa kilo. Mtoto wa mwaka mmoja hana ulimi wa kumweleza mama yake mchana wake ulivyokuwa. Kwa hiyo amana hii inamtegemea Mungu na moyo wa mlezi kuliko nyingine zote.

Imam Muslim amepokea habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka. Alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, na juu ilikuwa kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, akawatoa wadanganyifu katika njia yake. Hadithi hii tunaisoma kwa wauza mchele, lakini inamhusu mama mlezi pia. Mtoto aliyekaa na uchafu tangu asubuhi, akaogeshwa na kupakwa mafuta robo saa kabla mama hajafika, ni nafaka kavu juu na mbichi chini. Mtoto aliyeanguka akavimba kichwani, mama akaambiwa «ni mbu», ni nafaka ile ile. Na uongo wa namna hii unaweza kuua, kwa sababu mama aliyejua mtoto ameanguka angemwangalia usiku, akitapika au akilegea angekimbilia kituo cha afya. Asiyejua atalala.

Kuna jambo jingine ambalo lazima tulitaje bila kuficha. Wako wanaowapa watoto dawa ya maji ya kikohozi au ya mafua ili walale na nyumba itulie. Baadhi ya dawa hizo zinaleta usingizi, na kwa mtoto mdogo zinaweza kuzuia pumzi. Mama akifika anamkuta mtoto kimya, anafurahi, anasema mlezi huyu ana mkono mzuri. Wallahi, kimya hicho si malezi. Umemwondolea mtoto sauti, na sauti ndiyo silaha pekee aliyopewa na Mungu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiongoza swala akitaka kuirefusha, lakini akisikia mtoto analia aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala ya Mtume ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, wewe ni nani hata ukizime kwa dawa?

5. MIKONO NI MIWILI

Mlezi mwenye watoto wanne anakubali wa tano, kisha wa sita, kisha wa tisa, kwa sababu kila mmoja ni falanga. Hatumlaumu kwa kutafuta. Lakini ajiulize: moto ukiwaka ghafla, nitawatoa wangapi? Nikiwa namwosha mmoja, nani anawaona wengine? Kule Ufaransa, ambako wako ndugu zetu wengi wa Kongo, mama anayelea watoto wa watu nyumbani kwake lazima apate kibali, na kwa kawaida kibali hicho hakizidi watoto wanne kwa wakati mmoja. Sheria yao si yetu, na umaskini wetu si wao. Lakini sababu yake ni ile ile kila mahali: mikono ya binadamu ni miwili. Anayepokea wengi na atafute msaidizi mtu mzima, wala asimtegemee binti wa miaka saba.

Halafu kuna mtoto wake mwenyewe, aliye pamoja na wale wageni. Je, ni lazima awapende wote sawasawa? Hapana. Moyo hauko chini ya amri yetu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aligawa kwa uadilifu kati ya wake zake, kisha akamwomba Mola wake asimlaumu kwa lile asilolimiliki, yaani mwelekeo wa moyo. Moyo haugawanyiki kwa kipimo, lakini uji unagawanyika. Ukimpa mwanao yai, usimpe mbele ya macho matano yanayotazama. Mpe usiku wageni wakiwa wamekwenda kwao, au wagawie wote kipande kipande. Mwanao akimsukuma mtoto wa mwenzio, asiwe na haki daima. Watoto wadogo hawajui kuhesabu fedha, lakini wanajua sana nani amependelewa.

6. IKITOKEA AJALI

Wanazuoni wetu wa fiqhi wamesema kwamba aliyewekewa amana halipi inapopotea au kuharibika, isipokuwa akivuka mpaka au akizembea. Msingi huu unatusaidia pande mbili.

Kwa upande wa mlezi: asijifiche nyuma ya neno «kadari». Kila kitu ni kwa kadari ya Mungu, nasi tunaamini hivyo. Lakini yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alijibiwa kwamba amfunge kisha atawakali. Kisima kisichofunikwa ni ngamia asiyefungwa. Sufuria ya moto iliyowekwa chini watoto wanapocheza ni ngamia asiyefungwa. Jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, watoto wamelala, ni hatari isiyoonekana, maana moshi wake usio na rangi wala harufu unaua mtu akiwa usingizini. Dawa ya panya karibu na kikombe, chandarua kisichoteremshwa mtoto anapolala mchana, homa iliyoachwa mpaka jioni: yote haya ni uzembe, na mwenye uzembe anaulizwa.

Kwa upande wa mzazi: kama mlezi amefanya yote aliyoweza, ameona homa, amekutumia habari, amempeleka mtoto kwenye kituo cha afya, na bado Mwenyezi Mungu amemchukua mja wake, basi usimgeukie kwa matusi. Na zaidi ya yote, usimtuhumu uchawi. Tunajua katika nchi yetu jinsi neno hilo linavyoua. Mwanamke mzee aliyekaa peke yake, mtoto akifariki mikononi mwake, watu wanaanza kunong'ona, na baada ya siku mbili nyumba yake inachomwa. Msiba mmoja unageuka kuwa dhambi kubwa ya mtaa mzima. Mwislamu anatafuta ushahidi. Asipoupata, ananyamaza na kuomba subira.

7. HABARI YA MAZIWA

Hili ni jambo ambalo wengi wanalichukua kuwa dogo. Mlezi mwenye mtoto mchanga wake anamwona mtoto wa mwenzake analia njaa, mama amechelewa ng'ambo ya mto, anamhurumia na kumpa titi lake. Huruma hiyo ni njema, lakini ina hukumu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto aliyenyonya mara tano kamili kabla ya kufikisha miaka miwili amekuwa mtoto wa yule mama. Watoto wa mama huyo ni ndugu zake, na hawezi kuwaoa. Kwa Hanafi na Maliki hata kunyonya mara moja kunatosha.

Imam Bukhari amepokea habari ya Uqba bin Harith (R.A.). Alioa mke, kisha akaja mwanamke akasema, «Nyinyi wote wawili mimi niliwanyonyesha.» Uqba hakuwa na habari. Alipanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwonyesha kwamba haifai kukaa na mke huyo ilhali neno hilo limesemwa. Wakaachana. Fikirini: ndoa nzima ilivunjika kwa sababu maziwa ya zamani hayakuwa na taarifa. Basi mama mlezi asimnyonyeshe mtoto wa mtu bila idhini ya wazazi. Akimnyonyesha kwa dharura, awaambie siku hiyo hiyo, na pande zote mbili waandike katika kaye: jina la mtoto, tarehe, mara ngapi. Kaye ya falanga chache inaweza kuokoa ndoa ya miaka ishirini ijayo.

Na mama anayekwenda sokoni, kama mtoto hajafikisha miezi sita, ajue kwamba maziwa yake peke yake yanamtosha mtoto, bila maji wala uji. Anaweza kukamua asubuhi katika chombo kilichochemshwa chenye mfuniko, naye mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe safi. Hata penye ubaridi maziwa hayo yasipite masaa manne, na katika joto letu la Kindu ni pungufu ya hapo.

8. HAKI ZA MAMA MLEZI

Tumesema mengi juu ya wajibu wake. Sasa tuseme haki zake, kwa sababu dhulma nyingi zinamwangukia yeye.

Haki ya kwanza ni ujira wake kwa wakati. Katika Bukhari imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi yake, kisha asimpe malipo. Mama wa soko anaweza kusema, «Leo sikuuza.» Tunajua ziko siku kama hizo. Basi semeni mapema: siku ya kuuza tutalipa hivi, siku ya hasara tutalipa nusu na nusu itabaki deni lililoandikwa. Kunyamaza na kupita njia nyingine si jibu la Mwislamu.

Haki ya pili ni wakati wake. Mmekubaliana Alasiri, unafika baada ya Ishaa ukicheka. Naye ana mume, ana chungu motoni, ana swala zake. Masaa yale ya ziada umeyachukua bila ruhusa.

Haki ya tatu ni ukweli. Kama mtoto ana kifafa, kama alikuwa na homa usiku, kama kuna chakula kinachomdhuru, mwambie. Wako wanaoficha homa asubuhi ili mlezi asimkatae mtoto, na jioni wanamlaumu yeye. Kama vile mlezi asifiche unyevu chini ya nafaka, nawe mzazi usiufiche.

Haki ya nne ni heshima. Asiitwe mtumishi. Mtume (S.A.W.) alimheshimu Ummu Ayman, aliyemlea utotoni, akasema kwamba ni mama yake baada ya mama yake. Na wewe baba, usiseme kwamba mambo haya ni ya wanawake. Aya tuliyoitaja imemtaja baba kuwa ndiye mwenye kubeba gharama. Mke wako akimlipa mlezi kutoka biashara yake ndogo, jua kwamba amekubebea mzigo wako.

9. WAJIBU WA JAMAA NZIMA

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) usiku mmoja alisikia mtoto analia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake mara kwa mara kumsihi. Mwisho mama akasema, bila kumtambua, kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Umar alilia hata katika swala ya Alfajiri watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Kisha akaamuru kila mtoto apewe posho tangu kuzaliwa kwake. Kilio cha mtoto kilikuwa kimetoka katika agizo la wakubwa, na alipojua hivyo hakumlaumu mama. Alibadilisha agizo.

Nasi tuna nini cha kubadilisha? Hatuna hazina ya Umar, lakini tuna mikono. Vijana wa msikiti wanaweza siku moja ya mapumziko kufunika visima vya parsele zenye watoto, na kujenga uzio mbele ya zile zilizo karibu na mto. Wamama wanaweza kuweka mfuko mdogo wa kila wiki, mwenzao asipouza, mlezi asikose haki yake. Wanaojua kusoma wawasaidie walezi kuandika kaye: mtoto ameingia na hali gani, amekula nini, nani ameruhusiwa kumchukua. Muuguzi katika jamaa yetu aje mara moja kwa mwezi awaelekeze walezi juu ya homa na kuhara. Na mlezi akiugua, tusimwulize kwanza nani atawalinda watoto wetu. Tumuulize kwanza amekula nini.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Watoto hawa wasioweza kusema leo, siku moja watasema. Wengine watasema hapa duniani, watakapokuwa wakubwa na kukumbuka mkono uliowashika. Na Siku ya Kiyama haki ya kila aliyedhulumiwa itarudishwa kwake, hata kama hakuwa na ulimi.

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu na mto, na moto, na maradhi, na mikono isiyo na huruma. Wabariki wamama wanaowalea watoto wa wenzao, wape riziki ya halali na subira. Wape wazazi uaminifu wa kulipa na kusema kweli. Tujaalie sisi sote tuzirudishe amana kwa wenyewe zikiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.